Umeme wa Saa ya Kazi

Leo nina mazungumzo na watu wa biashara. Nikisema watu wa biashara sina maana ya wenye viwanda peke yao. Namtaja pia mwenye mashine ya kusaga, fundi wa kuchomelea mageti, mama anayeuza samaki wa barafu, kinyozi, mwenye duka la vinywaji baridi, na chama cha msingi cha wakulima wa kahawa chenye mtambo wa kumenyea. Kaa nao chini na daftari, pigeni hesabu ya mwezi, na mtaona fedha nyingi zinaishia kwenye dizeli, kwenye LUKU, au kwenye betri zilizokufa kabla ya wakati wake.

Wilaya zetu hizi, Mbinga na Nyasa, zina mali ya nishati za kila namna. Anayesafiri kutoka Songea kwenda Njombe hukutana na malori ya makaa ya mawe ya Ngaka, yanayopelekwa kuwashia matanuri ya viwanda vya mbali. Mgodi ule ulianza uzalishaji mwaka 2011, umeajiri vijana wetu, na siupingi. Lakini makaa yakishaondoka yameondoka. Kuna mali nyingine ambayo haipandi lori: mto Ruvuma, unaoanzia kwenye milima ya Matogoro karibu na Songea kabla ya kuteremka kusini na kuwa mpaka wetu na Msumbiji, vijito vinavyoporomoka kuelekea Ziwa Nyasa, jua la kiangazi, na maganda ya kahawa yanayolundikana kila msimu. Hiyo ndiyo inayoitwa nishati jadidifu, ile inayotumika leo na kesho ipo tena. Na swali langu leo ni hili: mfanyabiashara wa huku ataipataje, kwa kuizalisha mwenyewe au kwa kuinunua?

Nina neno moja la kusema na nitalishikilia mpaka mwisho wa kipindi. Usianze kwa kuuliza sola ni bei gani. Usianze hata kwa kuuliza nguzo zitafika lini. Anza kwa kuandika saa. Kazi yako inakula umeme kuanzia saa ngapi mpaka saa ngapi, na kuanzia mwezi gani mpaka mwezi gani? Ukishakuwa na karatasi hiyo mkononi, mambo mengi yanajipanga yenyewe. Ukiikosa, utauziwa chochote.

Tuchukue mashine ya kusaga, maana hakuna kijiji kisicho nayo. Mota ya kawaida ya mashine ya kijijini ina nguvu ya farasi 15, sawa na kilowati 11 hivi. Tuseme inasaga saa 5 kwa siku ukijumlisha vipindi vyote. Kumi na moja mara tano ni uniti 55, maana uniti moja ni kilowati moja kwa saa moja. Sasa uniti hizo 55 unazilipaje?

Ukiwa kwenye umeme wa TANESCO, kundi la matumizi ya kawaida la biashara ndogo limekuwa likilipa shilingi 292 kwa uniti kabla ya kodi na tozo. Ongeza VAT ya asilimia 18, ongeza asilimia 3 ya umeme vijijini na asilimia 1 ya mdhibiti, EWURA, unafika shilingi 356. Uniti 55 ni karibu shilingi 19,600 kwa siku. Ile bei ya shilingi 100 kabla ya tozo, inayosemwa sana mitaani, ni ya nyumba yenye matumizi madogo yasiyozidi uniti 75 kwa mwezi. Mashine inazimaliza uniti hizo kwa siku moja na nusu.

Ukiwa kwenye dizeli, lita moja katika injini ndogo iliyo nzima inakupa uniti 3 hivi. Injini iliyochoka inakupa chini ya hapo. Bei ya lita unaijua mwenyewe, kwa sababu inategemea umbali wa dumu lako kutoka kituoni. Tuseme shilingi 3,000, kwa ajili ya hesabu. Basi kila uniti imekugharimu shilingi 1,000, na uniti 55 ni shilingi 55,000. Bado hujaweka oili, hujaweka pampu ya nozeli, na hujahesabu siku uliyompeleka kijana Mbinga kutafuta spea huku wateja wanarudi nyumbani na magunia yao.

Tazama sasa kinachotokea kwa wafanyabiashara wawili wanaonunua paneli zilezile, kwa bei ileile. Mmoja anaachana na dizeli, kwa hiyo kila uniti ya jua inamwokolea shilingi 1,000. Mwingine ana umeme wa gridi usiosumbua, kwa hiyo kila uniti ya jua inamwokolea shilingi 356. Wa pili atasubiri muda karibu mara tatu kabla fedha yake haijarudi. Ndiyo maana siwezi kusimama hapa nikasema kila mtu anunue sola. Kama nguzo zimefika mlangoni, una umeme wa njia tatu na haukatiki ovyo, kusaga kwa TANESCO ni jambo la busara kabisa, na wala hujaiacha nishati jadidifu. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, lenye mitambo 9 ya megawati 235 kila mmoja, lilianza kuingiza umeme kwenye gridi mwaka 2024, na sehemu kubwa ya umeme wa nchi hii sasa inatoka kwenye maji.

Tusisahau tulikotoka. Mpaka mwaka 2018 Songea na Mbinga hazikuwa kwenye Gridi ya Taifa. Mkoa wetu ulikuwa unaungurumisha majenereta, dizeli inakuja kwa malori, na majenereta yakiharibika mji unalala giza. Ndipo ikajengwa njia ya kilovolti 220 kutoka Makambako hadi Songea, kwa fedha za Tanzania na Sweden. Umeme wa gridi ukafika. Lakini kufika mkoani ni jambo moja, na kufika kwenye kibanda cha mashine ni jambo lingine. Pale ambapo nguzo zimepita barabara kuu tu, au umeme ni wa njia moja usioweza kusukuma mota kubwa, au unakatika saa ileile wateja walipojaa, karatasi yako ya saa inarudi kwenye kazi.

Na mashine ya kusaga ina bahati. Kazi yake ni ya mchana. Wateja wanakuja saa tatu asubuhi, wanapungua saa tisa alasiri. Hizo ndizo saa za jua. Tena unga unaweza kusubiri: leo pakiwa na wingu zito, mahindi yatasagwa kesho asubuhi. Kazi ya mchana inayoweza kusubiri haihitaji betri, na betri ndiyo inayokula fedha kwenye mfumo wowote wa sola. Kwa mota ya kilowati 11 utahitaji paneli zinazozidi nguvu hiyo, tuseme kilowati 18, ili hata jua likipungua kidogo mota isizimike. Kwa jua la huku kilowati moja ya paneli hutoa kama uniti 4 kwa siku ukichukua wastani wa mwaka, kwa hiyo kilowati 18 zitakupa uniti 72 hivi. Desemba hadi Aprili, mvua ikiwa imekaa, utapata pungufu. Kwa mwenye mahindi ya kusaga miezi yote hilo ni jambo la kupangia mapema, ama kwa kubaki na ile injini ya dizeli kama akiba, ama kwa kupunguza saa za kusaga.

Kuna sehemu moja hapa inayowaangusha wengi, na nataka niikazie. Mota inapowashwa moja kwa moja, kwa sekunde chache inavuta mkondo mara tano, sita au hata saba ya ule inaotumia ikishakimbia. Mfumo wa sola uliopigiwa hesabu ya kilowati 11 tu unazimika palepale, swichi ikishikwa. Fundi anaambiwa ni mwongo, paneli zinaambiwa ni feki, kumbe hakuna aliyekumbuka kupigia hesabu mkondo wa kuwashia. Dawa yake ni kidhibiti cha mwendo wa mota, kile mafundi wengi wanachokiita draivu, kinachoianzisha mota polepole na kuipandisha taratibu mpaka mwendo wake kamili. Fundi akikuletea makadirio ya sola ya mashine na hakutaja kifaa hicho, mwulize mota itaanzaje. Akibabaika, mshukuru kwa muda wake na utafute mwingine.

Na kwa kuwa nimetaja feki, nikupe kipimo kisichohitaji mtaalamu. Chukua tepu ya fundi seremala. Jua kali la mchana linamwaga wati 1,000 hivi kwenye kila mita moja ya mraba, na paneli nzuri za siku hizi zinageuza kama moja ya tano tu ya jua hilo kuwa umeme. Maana yake mita moja ya mraba ya paneli inatoa wati 200, au inazidi kidogo. Paneli yenye lebo ya wati 450 ni lazima iwe na urefu wa mita 2 na ushee na upana wa mita moja na ushee. Ukikuta paneli imeandikwa wati 300 na ukubwa wake ni wa nusu mlango, lebo hiyo inadanganya. Pima urefu, pima upana, zidisha, kisha zidisha kwa 200. Fanya hivyo mbele ya muuzaji, bila ugomvi.

Tuteremke sasa ziwani. Kwa mama wa Mbamba Bay au Liuli anayehifadhi magege na mbasa, karatasi ya saa inasomeka tofauti. Samaki hawajui kwamba jua limezama. Baridi inatakiwa usiku na mchana. Hapo wauzaji watakwambia betri, na betri inafaa, lakini elewa unachonunua. Betri ya maji au ya jeli ya volti 12, ile ya Ah 200, kwenye karatasi ina uniti 2 na nusu kasoro kidogo. Ukiitaka ikae miaka, usiitumie zaidi ya nusu yake, kwa hiyo umenunua uniti moja na kidogo. Ukiikausha kila usiku utaizika mapema. Betri za lithiamu zinavumilia kutumika karibu zote, ndiyo maana ni ghali mkononi na mara nyingi rahisi kwa hesabu ya miaka.

Lakini iko njia nyingine: kuhifadhi baridi badala ya umeme. Jaza madumu na chupa za maji ndani ya friji la kulala, liache lifanye kazi kwa nguvu tangu asubuhi mpaka alasiri kwa umeme wa paneli moja kwa moja, maji yagande kabisa. Usiku barafu ile inashikilia baridi, ilimradi mfuniko haufunguliwi kila dakika. Mpango huu hauondoi betri yote, unaipunguza sana. Na barafu yenyewe ni bidhaa: mvuvi anayeondoka na barafu anarudi na samaki mzima. Kisiwani Ukara, Ziwa Victoria, kampuni ya JUMEME iliyofunga mtambo wa sola mwaka 2016 iliona jambo hilo, kwamba kuwauzia watu umeme wa taa peke yake hakutoshi, ikaingia pia kwenye kugandisha samaki. Kuhusu usipa, dagaa wa ziwa letu, sina mengi. Unakaushwa kwa jua bila waya wowote, na vichanja vilivyoinuliwa juu ya mchanga na kufunikwa kwa nailoni vinatosha kuupandisha bei. Hiyo nayo ni nishati jadidifu, hata kama haina uniti.

Sasa nipande Umatengoni, kwenye milima ya Mbinga, kwa sababu huko ndiko moyo wangu uliko katika habari hii. Kahawa ya Mbinga inavunwa kiangazi, kuanzia Juni hivi. Mitambo ya kumenyea inafanya kazi kwa nguvu miezi michache, halafu inalala. Chama cha msingi kikinunua paneli kwa ajili ya kumenya tu, paneli zitakaa bure sehemu kubwa ya mwaka. Hapa karatasi ya saa inakwambia kitu ambacho muuzaji hatakwambia: tafuta kwanza kazi ya miezi mingine. Mashine ya kusaga pembeni ya mtambo wa kahawa, chumba cha kuchomelea, pampu ya kupandisha maji. Kuhusu joto la kukaushia, usitumie umeme hata kidogo. Maganda yanayotoka kwenye kukoboa kahawa kavu yanaungua vizuri kwenye tanuri, na pale Mbinga mjini penye kiwanda cha kukoboa yanapatikana. Wenzetu wameshafika mbali zaidi katika taka za mazao. Njombe, kampuni ya TANWAT iligeuza mabaki ya miti yake ya miwati kuwa umeme, ikautumia kiwandani na kuiuzia TANESCO unaobaki. TPC kule Moshi inafanya hivyo kwa makapi ya miwa. Hale, mkoani Tanga, mabaki ya mkonge yaligeuzwa gesi, na gesi ikazungusha jenereta.

Lakini mali kubwa ya Umatengo ni maji yanayoshuka, na hesabu yake ni nyepesi kuliko watu wanavyodhani. Pima lita zinazopita kwa sekunde moja. Pima mita ambazo maji yataanguka kutoka utakapoyakinga mpaka penye mtambo. Zidisha hizo mbili, kisha zidisha kwa 7. Jibu ni wati utakazopata kwenye mtambo mdogo uliojengwa vizuri. Kijito cha lita 50 kwa sekunde chenye anguko la mita 30 kinatoa wati 10,500, yaani kilowati 10 na nusu. Unaweza kusema ni kidogo, haifiki hata ile mota yetu ya kusagia. Ni kweli. Ila mto haulali. Kilowati 10 na nusu kwa saa 24 ni uniti 252 kwa siku. Zile paneli za kilowati 18, zilizojaza paa zima, zilitupa 72.

Na hapo ndipo ninapotaka tufike. Uniti 252 zinazotoka usiku na mchana, nani atazitumia? Mwenye mashine ana mchana tu. Kinyozi na mwenye televisheni ya mpira wana jioni. Mwenye friji ana usiku. Chama cha kahawa kina Juni hadi Septemba. Hakuna biashara hata moja kijijini yenye saa zote 24 na miezi yote 12. Wakijikusanya pamoja, wanazo. Mtu mmoja akijenga mtambo wa maji kwa ajili ya mashine yake, sehemu kubwa ya umeme wake itapotea mtoni. Wakijenga kumi kwa pamoja, kila saa ina mnunuzi wake. Kwa hiyo sola unaweza kununua peke yako, lakini mto unataka ushirika.

Nasema hivi nikiwa na ushahidi wa karibu. Masista Wabenediktini wa Mtakatifu Agnes wa Chipole, hapa hapa Ruvuma, walijenga mtambo wa Tulila kwenye mto Ruvuma, megawati 5, ukaanza kuuza umeme kwa TANESCO mwaka 2015. Wakati ule Songea ilikuwa bado inaishi kwa dizeli. Shirika la watawa wa kike likawa miongoni mwa wazalishaji wa umeme wa nchi hii. Mbangamao, wilayani Mbinga, kampuni ndogo ya Andoya nayo ilijenga mtambo wa maji ulioanza kwa nusu megawati, ikaiuzia TANESCO kwa ajili ya mji wa Mbinga. Na Mufindi, mradi wa Mwenga wa megawati 4, uliowashwa mwaka 2012, ulisimama juu ya mteja mmoja mkubwa, kiwanda cha chai, ambacho kinataka umeme mwingi na wa uhakika. Kwa sababu kiwanda kilikuwepo, ikawezekana kuvuta nyaya mpaka vijijini na kuiuzia TANESCO ziada. Biashara ndiyo iliyobeba taa za vijiji. Mimi nikiuangalia mtambo wa kahawa wa chama cha msingi naona uwezekano huohuo kwa kipimo kidogo.

Sheria haikuzuii. Sheria ya Umeme ya mwaka 2008 ilifungua mlango kwa wazalishaji wadogo, na EWURA ikaweka mikataba ya mfano ya kuiuzia TANESCO kwa mitambo ya kuanzia kilowati 100 hadi megawati 10, ili mdogo asijadiliane na mkubwa kila kifungu upya. Chini ya megawati moja huhitaji leseni nzima ya uzalishaji, unajiandikisha. Na kwa mwenye umeme wa gridi anayetaka pia kufunga sola juu ya paa la ghala, kanuni za mwaka 2018 zinaruhusu mitambo isiyozidi megawati moja irudishe ziada kwenye gridi, na uniti zilizorudishwa zikatwe kwenye zile ulizotumia. Mwenye ghala la mazao linalofanya kazi siku tano, jua la Jumamosi na Jumapili halitampotea.

Kuna njia nyingine ya kununua ambayo kwetu bado ni ngeni: mwenye biashara hanunui paneli kabisa, ananunua uniti. Kampuni inafunga paneli kwenye paa lako kwa fedha yake, inazitunza, wewe unalipia umeme unaotoka kwa bei mliyoandikiana kwa miaka kadhaa. Duka kubwa la Garden City, Nairobi, lilifanya hivyo mwaka 2015 kwa mtambo wa kilowati 858. Ni njia nzuri kwa mwenye paa kubwa na mtaji mdogo. Soma tu mkataba mpaka mwisho, hasa bei inavyopanda kila mwaka, na paneli zitakuwa za nani siku mkataba ukiisha.

Na huko Goma, mashariki ya Kongo, kampuni ya Nuru iliwasha mtambo wa jua wa megawati 1.3 mwaka 2020. Umeme ukauzwa kwa wakazi, na cheti cha kuthibitisha kwamba umeme ule umetoka kwenye jua kikauzwa peke yake, kwa kampuni ya Microsoft ya Marekani. Fedha ya vyeti ikasaidia kuweka taa za barabarani mtaa wa Ndosho. Sisemi vijana wa Liparamba wakimbilie vyeti kesho. Nasema chama kitakachokuwa na mtambo wake kijue kwamba kinaweza kuwa na bidhaa mbili mkononi, na kisiigawe ya pili bure kwa mfadhili kwa kutojua.

Niseme pia hatari, kwa sababu fedha za wakulima si za kujaribia. Hatari ya kwanza ni bei. Mwaka 2020 Serikali iliagiza wauzaji binafsi wa umeme vijijini washushe bei mpaka shilingi 100 kwa uniti kama ya TANESCO. Mwananchi alipata nafuu, na niliielewa sababu yake. Lakini aliyejenga kwa mkopo akitegemea bei nyingine alibaki na shimo. Mtambo unaoendesha kazi za wenyewe wenye mtambo, kusaga kwao, kumenya kwao, kugandisha kwao, hauumii sana na agizo la namna hiyo. Unaotegemea kuuza taa tu unaumia. Kwa hiyo hesabu ya chama isimame kwanza kwenye kazi zake chenyewe.

Hatari ya pili ni gridi yenyewe kukufuata. Tulila na Mbangamao zilianza kuuza kwenye miji ya dizeli, na gridi ikaja mwaka 2018. Kanuni zimelitazama jambo hili: mwenye mtambo na nyaya zake, gridi ikifika, anaweza kugeuka muuzaji wa jumla kwa TANESCO, au kununua kwa jumla na kusambaza kwa rejareja. Lakini bei ya jumla kwenye gridi si ile ya mahali penye dizeli. Mkopeshaji wako ataliuliza hilo siku ya kwanza, na ni heri ulijibu kwa bei ya chini, mradi uonekane bado unasimama.

Hatari ya tatu iko mlimani. Mtambo wa maji unakufa kwa mchanga na tope kuliko kwa kitu kingine chochote. Tope linasaga mabawa ya tabaini na kujaza kikingio. Wamatengo wana dawa yake tangu enzi za mababu: ngoro, yale mashimo ya kulimia yenye nyasi zilizofukiwa, yanayoshika udongo na maji kwenye mteremko mkali ambao kwingine ungeshakuwa makorongo. Kijito chenye ngoro juu yake kinateremka na tope kidogo, na hakikauki upesi. Chama kitakachojenga mtambo kiwaweke wakulima wa juu ya kikingio kwenye mradi tangu mwanzo, kama wanahisa, wenye gawio lao, maana jembe lao ndilo linaloamua tabaini itaishi miaka mingapi.

Basi kwa chama kilicho tayari kuanza, kazi ya kwanza haina gharama kubwa. Pimeni kijito Oktoba na Novemba, maji yakiwa chini kabisa. Anayepima Machi anapima mvua, na mtambo wake utasimama Septemba, katikati ya kahawa. Fanyeni hivyo misimu miwili, muandike tarehe na lita, mkiwa na ofisa ugani au mwalimu wa sekondari kama shahidi. Daftari hilo ndilo litakalowafungulia kibali cha kutumia maji. Kijito kikiingia Ziwa Nyasa, kibali kinatoka Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Nyasa, Tukuyu. Kikiingia Ruvuma, kama vile vya upande wa Liparamba, ni Bodi ya Bonde la Mto Ruvuma na Pwani ya Kusini, yenye makao Mtwara. Ombeni kibali cha lita za Novemba, zile ambazo mna uhakika nazo, na waachieni wa chini maji yao ya kunywa na ya bustani kabla hamjazungusha tabaini.